Kipindi cha 61: Tuzo ya Wali Maharage

DEO: ...inarekodi tayari, ficha hizo karanga.

ZUHURA: Nimeficha. Haya jamani, Zuhura hapa, huyo Deo, mnatujua. Wiki hii mwenzenu nilikuwa jaji.

DEO: Jaji wa mirathi?

ZUHURA: Wa filamu! Shindano la wanafunzi, silitaji jina maana bado nawadai nauli. Majaji watano, filamu tisa, kila mtu anatoa maksi kwa mia. Sasa kuna moja ya dakika 11, kinyozi, mteja wake wa miaka na miaka kafariki, familia inamwomba aje amnyoe mara ya mwisho, hamna anayeongea mule ndani, unasikia mashine tu vzzzz, Deo nililia mpaka kijana wa projekta akaniletea maji. Watatu tuliiweka ya kwanza. 92, 91, 90.

DEO: Ikabeba.

ZUHURA: Ibebe wapi! Jaji mmoja 67, mwingine 40. Arobaini! Eti haina ujumbe. Iliyobeba ni ya mikopo ya kausha damu, ile ya riba za kuumiza, sauti safi, picha safi, mwisho mama anapewa elimu ya fedha anatabasamu. 78, 77, 79, 78, 78. Nimewazungukia wote kuwauliza, hakuna hata mmoja aliyeiweka namba moja. Wastani 78 kwa 76, kinyozi wangu kwaheri.

DEO: Wali maharage.

ZUHURA: Nini?

DEO: Hiyo ni wali maharage. Hamna mtu anaamka asubuhi na hamu ya wali maharage, lakini ukiwekewa mezani unakula na hugombani na mtu. Hata Oscar wana wali maharage wao.

ZUHURA: Oscar si mwenye kura nyingi anachukua?

DEO: Vipengele vingine ndo hivo, muigizaji, muongozaji, anayeongoza kabeba. Picha bora, yaani filamu bora ya mwaka, hapana. Walipotoka filamu tano zinazoshindania kwenda kumi, sherehe ya 2010, wakasema kila mwanachama wao anayepiga kura azipange, moja, mbili, tatu, mpaka mwisho. Ngoja nikupe mfano. Ofisini mko tisa mnaagiza chakula kimoja. Wanne wanataka chipsi mayai, watatu wali maharage, wawili dagaa. Nani kashinda?

ZUHURA: Chipsi.

DEO: Bado, hajavuka nusu, anatakiwa tano. Unamtoa wa mwisho, dagaa. Wale wawili wa dagaa unaangalia namba mbili yao walimweka nani. Wali. Tatu na mbili tano, wali maharage kachukua tuzo, anapanda jukwaani anamshukuru Mungu na mama yake.

ZUHURA: Subiri kwanza. Hao wawili wa dagaa ni kina nani?

DEO: Ni mfano Zuu.

ZUHURA: Hapana, wewe ni mmojawapo, na umejiweka humo makusudi. Nani anaweka dagaa namba moja ofisini, AC inafanya kazi, madirisha yamefungwa?

DEO: Dagaa wa Kigoma wakikaangwa na nyanya, pilipili kidogo, wewe utaomba.

ZUHURA: Ah, Kigoma sawa. Mi nilidhani Mwanza.

DEO: Unaona sasa anavyotafuta ugomvi! Wasikilizaji wa Mwanza naombeni muingie kwenye komenti. Dagaa wa Mwanza ana nini?

ZUHURA: Mchanga.

DEO: Huo ni wa zamani, siku hizi wanaanika kwenye vichanja.

ZUHURA: Wa jana nilionunua sokoni hakukijua hicho kichanja, niliosha maji matano bado unasikia kru kru kwenye meno.

DEO: Uliosha vibaya. Unaloweka, unawavua kwa mkono, mchanga unabaki chini, hummwagi na maji yake mchujioni kama chai. Mama alikuwa ananituma nikiwa darasa la tatu, nawajua hawa.

ZUHURA: Kumbe tatizo ni mwoshaji. Haya. Turudi Oscar, dakika 19 hizo na tuko kwenye dagaa.

DEO: Nilichotaka kusema, ule mpangilio unampendelea asiyechukiwa na wengi. 2019 filamu ya Green Book ilichukua picha bora, muongozaji bora akawa yule wa filamu ya Roma, watu wakapiga kelele.

ZUHURA: Wali maharage kabisa ile!

DEO: Eeh lakini mwaka uliofuata, 2020, mpangilio huohuo, wapiga kura haohao kwa sehemu kubwa, wakaipa Parasite, filamu ya Kikorea, haijawahi kutokea filamu isiyo ya Kiingereza kuchukua ile. Hiyo nayo wali maharage?

ZUHURA: Hiyo ni pilau.

DEO: Ukiipenda ni pilau, usipoipenda ni wali. Umeshaona shida yako?

ZUHURA: Sina shida. Ngoja, na kinyozi wangu kwa Oscar ingekuwaje? Watatu kati ya watano tumemweka namba moja.

DEO: Angevuka nusu raundi ya kwanza. Mchezo umeisha hapohapo.

ZUHURA: DEO.

DEO: Na ya kausha damu, haina namba moja hata moja, ingetolewa mapema sana. Oscar ukikosa watu wa kukuweka juu huendi mbali hata upendwe vipi. Nyie mlitumia wastani, wastani ni kitu kingine, kule arobaini moja inavuta wote chini.

ZUHURA: Kwa hiyo nimeibiwa.

DEO: Hujaibiwa. Na mi nakwambia walikuwa sahihi.

ZUHURA: Sahihi vipi na umetoka kunielezea mwenyewe!

DEO: Nimeelezea Oscar wanavyohesabu, sijasema ni bora. Watu watano wamekaa, mmoja anaona filamu haifai kabisa, yule naye ni mtazamaji, kwa nini maumivu yake yasihesabiwe? Ya kausha damu imewafaa wote watano.

ZUHURA: Haijamfaa mtu! Imewapitia tu. Tuzo mpe filamu ambayo kuna mtu yuko tayari kuigombania. Mi ya kausha damu wiki ijayo sitaikumbuka.

DEO: Wewe. Mama mwenye mkopo atakumbuka.

ZUHURA: Hakuwa jaji!

DEO: Ndo tatizo.

ZUHURA: Na huyo wa arobaini alikuwa kwenye simu nusu ya filamu, nilimwona, mwanga wa skrini usoni.

DEO: Hilo sasa nakubali ni baya. Hata Oscar mpaka juzi walikuwa wanaaminiana tu kwamba umetazama, sheria ya kwamba lazima utazame zote za kipengele ndo upige kura ya mwisho wameitangaza 2025, imeanza na sherehe ya 2026. Lakini hata angetazama yote angempa arobaini.

ZUHURA: Hujui.

DEO: Na wewe hujui.

ZUHURA: ...

DEO: ...

ZUHURA: Basi kula karanga.

DEO: Siku hizi huniamrishi. Jamani kuna mtu anagonga, ni kwaya, saa zetu zimeisha.

ZUHURA: Mbona tulikuwa na pointi tatu! Nilitaka tuongelee kamati za nchi, zile zinazochagua filamu moja tu ya nchi kwenda kipengele cha filamu za kimataifa cha Oscar, Tanzania 2022 tulipeleka Vuta N'kuvute, na Kenya 2018 mahakama iliifungulia Rafiki, filamu iliyokuwa imepigwa marufuku, siku saba ionyeshwe ili itimize sifa za kupelekwa, halafu kamati ikapeleka Supa Modo. Nimeandika ukurasa mzima.

DEO: Utaandika tena. Shikamoo mama, karibuni, tunamalizia. Mama samahani, swali moja tu, dagaa wa Mwanza na wa Kigoma?

SAUTI YA MLANGONI: Marahaba. Mi sili dagaa, wananipa muwasho.

ZUHURA: Arobaini!