Kujitunza kwa Mwalimu Mnasihi Kunaanzia Kwenye Ratiba

Waheshimiwa wakuu wa shule, walimu wenzangu wa hapa Tanga, asalaam aleikum na habari za asubuhi.

Nimeombwa nieleze namna mwalimu mnasihi, yaani anayewasikiliza na kuwashauri wanafunzi wenye shida, anavyoweza kujitunza. Mada hiyo naiona imempendelea mwajiri, kwa sababu inamtwisha mwalimu peke yake jambo ambalo kwa sehemu kubwa limo mikononi mwa anayepanga ratiba ya shule.

Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger, aliyekuwa akijitolea katika zahanati ya bure jijini New York, aliandika juu ya uchovu unaowapata wahudumu wa watu wenye shida. Baadaye mwanasaikolojia Christina Maslach akaonyesha kuwa uchovu huo una sura tatu: kuishiwa nguvu za moyoni, kuwaona unaowahudumia kama kero, na kuhisi kazi yako haina tija. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likaueleza kuwa unatokana na msongo sugu wa kazini usiodhibitiwa, wala halikuuita ugonjwa.

Mimi inayonitisha ni sura ya pili. Aliyechoka mwili atalala aamke, lakini mwalimu anayemwona mtoto mlangoni akasema moyoni, "huyu naye tena," hatatibiwa na usingizi.

Tuangalie anafikaje hapo. Mnasihi wa shule zetu kwa kawaida ni mwalimu wa somo kwanza: ana vipindi vya Bayolojia, ana zamu, ana madaftari ya mikondo miwili, na unasihi unasubiri mapumziko ya chai. Binti wa kidato cha pili anasimama kando ya mlango wa ofisi ya walimu, anakunja na kukunjua ncha ya mtandio, akingoja wengine watoke. Hawatoki, kwa kuwa ndiyo saa yao ya chai na vitumbua, na hawana kosa. Kengele inalia, binti anarudi darasani na lake, mwalimu anaingia kufundisha akiwa na wasiwasi juu ya jambo asilolijua, na usiku mama wa binti anapiga simu.

Chama cha wanasihi wa shule nchini Marekani kinapendekeza mnasihi 1 kwa wanafunzi 250. Sitaki kuota ndoto za mchana. Naomba vipindi viwili kwa wiki vilivyoandikwa kwenye ratiba, na chumba chenye mlango unaofungika, hata kikiwa stoo ya vitabu iliyofagiliwa.

Lipo pia suala la siri. Mtoto akitendewa ukatili, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatutaka tutoe taarifa serikalini, na namba 116 ya simu ya msaada kwa mtoto hupigwa bila malipo. Lakini mwalimu akishatoa taarifa, aliyoyasikia hubaki naye, na hawezi kumsimulia mumewe au mkewe. Kwa hiyo wanasihi wa kata jirani, kama Makorora, Ngamiani na Chumbageni, wakutane kila mwezi ndani ya saa za kazi, wajadili mashauri magumu bila kutaja majina, wakiongozwa na mwenzao mzoefu au afisa ustawi wa jamii. Wakikutana Jumamosi kwa nauli zao, hilo litakuwa zamu nyingine tu.

Wakuu wa shule, ningependa tuanze maswali na ninyi: katika ratiba ya muhula ujao, vipindi hivyo viwili mtaviweka siku gani?