Pete Ndani ya Konea: Jicho Miaka Mingi Baada ya Upasuaji

Wazazi, walimu, na ndugu zetu maofisa wa kliniki mliofika hapa Kisumu, hamjambo.

Konea ni kile kioo kinachofunika mbele ya jicho. Katikati yake ina unene wa takriban mikroni 540, nusu milimita na ushei. Penye ugonjwa uitwao keratokonasi, konea huzidi kuwa nyembamba na kuchomoza. Ndiyo maana mwanafunzi hubadilishiwa miwani mara kwa mara na bado anaona herufi za ubaoni zina vivuli.

Pete zinazowekwa ndani ya konea ili kuinyoosha ni vipande vya plastiki ngumu vyenye umbo la hilali, unene wa mikroni 150 hadi 350. Joseph Colin wa Ufaransa alianza kuzitumia kwa ugonjwa huu mwaka 1997. Jicho hutiwa dawa ya ganzi ya matone, leza huchimba njia ya mviringo ndani ya konea, kisha pete husukumwa humo.

Kina cha njia hiyo ndicho hasa kinachoamua miaka ijayo. Inapaswa kupita kwenye asilimia 70 hadi 80 ya unene wa konea. Ikipita juu mno, nyama iliyo juu ya pete hukosa lishe, kwa kuwa sehemu kubwa ya lishe hiyo hutoka kwenye maji ya ndani ya jicho. Nyama hulika polepole na pete huchungulia nje. Hapo haina budi kutolewa.

Je, matokeo hudumu? Kwa mtu mzima ambaye ugonjwa wake umetulia, mara nyingi umbo jipya la konea hubaki kwa miaka. Kwa kijana ambaye ugonjwa bado unasonga, faida huweza kupotea, maana pete hunyoosha konea lakini haizuii ugonjwa. Kinachozuia ni tiba ya riboflavini, yaani vitamini B2, na miale ya urujuanimno. Utaratibu wa asili wa tiba hiyo huchukua dakika 30 za miale, kwa konea isiyopungua mikroni 400. Kumwekea kijana wa miaka 16 pete peke yake, huku vipimo vinaonyesha konea inabadilika, ni kosa, na nalisema waziwazi.

Wengi bado watahitaji miwani au lenzi. Dereva wa boda anayefanya kazi usiku aambiwe mapema kwamba huenda taa za magari zikamwonyesha duara za mwanga.

Tena, kufikicha macho! Vumbi na mzio huwasha, mtoto hufikicha, konea huumia, pete au bila pete. Tibuni mwasho kwanza.

Jicho likiwa jekundu, likiuma au likitoa machozi, hata mwaka wa saba baada ya upasuaji, mgonjwa aonwe siku hiyohiyo. Usaha ukiingia kwenye njia ya pete, matone peke yake huenda yasitoshe; mara nyingi pete hutolewa.