Mwili Haujakabidhi Zamu

Mwangaluka! Itifaki imezingatiwa, mniruhusu niishie hapo, maana nimepewa dakika 20 na wamo humu wanaoingia usiku leo. Salamu ndefu zitawala usingizi wao.

Wengi wenu mmeshanisikia. Nimelisema hili Nansio, nimelisema Geita, nimelisema Sengerema hadi matroni mmoja akaniuliza kama sina somo jingine. Sina. Mtumishi wa afya anayetoka usiku anakabidhi wagonjwa, anakabidhi kitabu cha ripoti, anakabidhi mashuka na mitungi ya oksijeni. Mwili wake haukabidhi. Unatoka getini ukiwa bado kazini, unapanda gari ukiwa kazini, unajilaza kitandani huku masikio yanasubiri mtu aite "sista!" Leo nataka tuuambie kwamba zamu imekwisha, kwa mazoezi ya polepole.

Mwaka 1994 nilikuwa wodi ya upasuaji ya wanawake, hospitali siitaji. Ulikuwa usiku wangu wa tatu mfululizo, na wodi nzima tulikuwa wauguzi wawili. Saa moja na nusu asubuhi nikakabidhi, nikasaini, nikapanda haisi niende nyumbani Nyakato. Hata Mabatini sikuiona. Nilichosikia ni kondakta ananigusa bega: "Mama, tumefika mwisho." Tuko Kisesa. Nikaingiza mkono mfukoni nitafute nauli ya kurudia, vidole vikagusa chuma. Funguo za kabati la dawa kali. Tulikuwa tumezizungushia plasta yenye jina la wodi kwa kalamu ya bluu, maandishi yamefutika nusu kwa kushikwashikwa. Katika kitabu nimesaini kwamba nimezikabidhi. Mwenzangu naye, aliyetoka zamu ya jioni na kurudi alfajiri ile ile, amesaini kwamba amezipokea. Hakuna aliyedanganya kati yetu. Kila mmoja aliamini alichoandika.

Wodini alikuwepo mama wa Ukerewe aliyepasuliwa tumbo usiku ule. Sindano yake ya maumivu ilikuwa ya saa mbili asubuhi. Nilifika saa nne kasoro, nikakuta wanahangaika kuazima dawa wodi ya jirani, karatasi bado inazungushwa kutafutiwa saini. Yule mama alikuwa ameuma pindo la kanga yake. Nilipomchoma sindano akaliachia, nikaona limelowa na lina alama za meno. Akaniambia, "Pole, mwanangu, umetoka mbali." Yeye ndiye aliyenipa pole mimi.

Niliandika maelezo. Nikajibiwa kwa barua kwamba nilifanya uzembe. Barua ile ninayo hadi leo, na hadi leo siikubali. Mwaka 1997 watafiti wa Australia waliwapima watu waliokesha, wakaona kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo utendaji wake unashuka kama wa mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Kwa kiwango hicho, nchi nyingi dereva anashushwa kwenye gari. Sisi tunampa sindano na orodha ya wagonjwa. Mtu akilewa kazini tunajua la kufanya. Akikosa usingizi kazini tunamwita mvivu, au tukimpenda, tunamwita mchapakazi.

Sasa tuingie ndani ya mwili. Nyinyi watu wa Mwanza sina haja ya kuwapeleka darasani, twendeni ziwani. Mvuvi wa dagaa anaingia majini usiku wa giza, anawasha taa, zamani karabai na siku hizi za sola, na dagaa wanaifuata ile taa hadi kwenye wavu. Mwanga ndio unaowaita. Na sisi ndani ya ubongo tuna saa inayosoma mwanga unaoingia machoni. Wanasayansi Hall, Rosbash na Young walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kuonyesha jinsi saa hiyo inavyofanya kazi hadi ndani ya seli. Giza likiingia, tezi iliyomo katikati ya ubongo inamwaga melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba usiku umefika. Jua likichomoza, inafunga bomba. Kwa hiyo muuguzi anayetoka saa moja na nusu, jua la ziwa limeshampiga usoni pale stendi, ubongo wake unaambiwa kumekucha wakati yeye anataka kulala. Usingizi wa mchana huwa mfupi na mwepesi, na humo ndani ya huo ufupi kuna bati linachemka, watoto, na muuza mkaa.

Na mvuvi wa dagaa ana jambo moja ambalo sisi hatuna. Mbalamwezi ikitoka, taa yake haina nguvu tena, basi anavuta mtumbwi ufukweni, anashona nyavu, analala. Mwezi unampangia likizo. Muuguzi hana mbalamwezi.

Ndipo nafika kwenye mazoezi ya polepole. Madaktari wa China wako Tanzania Bara tangu 1968, na mimi nilihamishiwa Musoma nikafanya kazi karibu nao. Mmoja wao nilikuwa namkuta alfajiri nyuma ya tangi la maji. Amesimama, miguu imeachana upana wa mabega, anainua viganja vyote viwili juu kama anayesukuma dari, pumzi inaingia. Anavishusha taratibu, pumzi inatoka, ndefu kuliko ilivyoingia. Kisha anavuta upinde usioonekana, kushoto, kulia. Mwisho ananyanyuka kwa vidole vya miguu na kutua kwa visigino, mara saba. Yako mazoezi manane, wenyewe wanayaita Baduanjin, na kuyamaliza ni kama dakika 12. Nilifikiri anaomba. Nilipomuuliza, akanijibu kwa Kiswahili chake cha kubabaisha: "Kazi kwisha. Mwili ambia."

Hapo lazima anyanyue mkono mtu, na ni kila ninapokwenda: "Mama, nimetembea usiku kucha, miguu imevimba, na wewe unaniletea mazoezi?" Nakuheshimu, dada, lakini ulichofanya usiku kucha ni kukimbia. Moyo uko juu, pumzi iko kifuani, mabega yamegusa masikio. Ninachokupa ni kinyume chake. Unapotoa pumzi ndefu, moyo unapunguza mwendo, na hilo unaweza kulihakikisha sasa hivi kwa vidole viwili kwenye mshipa wa mkono. Mshipa wa fahamu unaoshuka kutoka shinani mwa ubongo hadi moyoni na tumboni ndio unaofanya kazi hiyo. Hutoki jasho. Magauni ya kazi hayachafuki. Kama huwezi kusimama, kaa kwenye benchi ufanye mikono tu.

Wa pili ataniuliza kama hii siyo dini ya watu. Kuinua mikono na kupumua hakujamtoa mtu kanisani wala msikitini. Tuendelee.

Ushahidi upo, na nitausema kwa kipimo chake. Mwaka 2017 huko Marekani, wanawake 90 waliopona saratani ya titi na wakakosa usingizi waligawanywa. Kundi moja lilifanya tai chi, mazoezi mengine ya polepole ya Kichina, jingine likapewa tiba ya mazungumzo, ile inayotambulika kama bora kwa kukosa usingizi. Tai chi haikuachwa nyuma. Mwaka 2021 Hong Kong, wazee 320 wenye tatizo hilo hilo, tai chi ikasaidia sawa na mazoezi ya kawaida, na faida ikabaki hadi miezi 24. Hao si wauguzi wa zamu, najua, na sitawadanganya kwamba dakika 12 zinafuta usiku 7. Shirika la Afya Duniani, kupitia taasisi yake ya saratani, limeiweka kazi ya usiku kati ya mambo yanayoelekea kusababisha saratani, mwaka 2007 na tena 2019. Hilo halitatuliwi kwa kunyoosha mikono.

Kwa hiyo waganga wafawidhi mlioko hapa, msiondoke mkasema mama kaleta dawa, ratiba ibaki ilivyo. Zamu zizunguke asubuhi, jioni, usiku, zisirudi kinyume. Mtu asitoke jioni akaingia asubuhi. Mruhusuni alale dakika 20 katikati ya usiku, kwa zamu, mwenzake akiwa macho. Nilikuwa na la chai na kahawa, na la blanketi dirishani, na la wanaoendesha pikipiki wakitoka usiku, ambalo linanitia hofu kuliko yote. Lakini naona mwenyekiti ananionyesha saa.

Wanaoingia usiku leo, tukutane nje chini ya mwembe, upande wenye kivuli. Vueni viatu. Nitawafundisha mawili tu, la viganja na la visigino, kisha mwende mkalale hadi saa kumi na mbili. Wengine, chakula kiko tayari.