Kujenga silinda hedi ya kamshafti mbili ya Lotus Elan, kutoka hedi tupu hadi taimingi

Habari zenu, karibuni mezani. Hii mnayoiona ni hedi tupu ya aluminiamu, yaani kifuniko cha juu ya silinda, ya injini ya gari la Lotus Elan, ile yenye kamshafti mbili juu, shafti zenye nundu zinazofungua valvu. Haina valvu wala springi. Tutaijenga mpaka ikae kwenye bloku na taimingi yake, yaani wakati wa valvu kufunguka na kufunga, isimame sawasawa. Sehemu kubwa ya video hii ni kupima. Kukaza bolti kunachukua dakika chache, lakini kupima kunaweza kula siku mbili nzima, na hizo siku mbili ndizo zinazoamua kama injini itadumu.

Tuijue injini kwanza. Elan ilipotoka mwaka 1962, Lotus hawakuunda injini yote upya. Walichukua bloku ya Ford yenye beringi kuu tano, wakaondoa hedi yake ya valvu zinazosukumwa kwa fimbo na kuweka hedi hii iliyobuniwa na mhandisi Harry Mundy. Kipenyo cha silinda ni milimita 82.55, mwendo wa pistoni ni 72.75, jumla sisi (sentimita za ujazo) 1558. Kamshafti ya zamani ilibaki ndani ya bloku. Haisukumi valvu tena, lakini bado inazungusha distributa na pampu ya oili, kwa hiyo cheni moja inaendesha shafti tatu. Msiisahau hiyo ya chini wakati wa kufunga cheni, la sivyo mtapata valvu sahihi na moto wa plagi usio mahali pake.

Watazamaji wa Kenya, angalizo. Ford Escort RS1600 ambayo Hannu Mikkola na Gunnar Palm walishinda nayo mbio za Safari Rally za mwaka 1972 ilikuwa na injini ya BDA. Ile ina valvu 16 na mkanda badala ya cheni. Ni ya ukoo wa bloku za Ford kama hii, lakini vipimo vya leo si vyake. Vipimo hivi ni vya valvu nane.

Andaa maikromita, dayali geji yenye stendi ya sumaku, fila geji (bamba nyembamba za kupimia nafasi), spana ya toki inayopima nguvu ya kukaza, duara la digrii, bureti ya maabara, na daftari. Daftari nalihesabu kama kifaa kamili. Chora ndani yake jedwali la valvu nane kabla hujagusa spana.

Tunaanza na unyoofu wa hedi. Weka rula ya chuma upande wa chini, kwa urefu kisha kwa mshazari. Fila ya milimita 0.05 isipite mahali popote; vipimo vidogo vyote vya leo ni milimita. Wengi wanaishia hapo, na hapo ndipo wanapokosea. Hedi iliyowahi kuchemka hupinda kama ndizi, na inapopinda chini imepinda na juu, kwenye mstari wa beringi za kamshafti. Ukiipeleka kufesiwa, yaani kuchongwa uso wa chini kwa mashine, chini kutanyooka na juu kutabaki vilevile. Kwa hiyo fanya jaribio hili: laza kamshafti bila tapeti (vikombe vinavyokaa kati ya nundu na valvu), funga kepu zake kwa toki ya Nm (niutoni mita) 12, kisha izungushe kwa vidole viwili. Inatakiwa iteleze. Ikigoma sehemu moja ya mzunguko, kamshafti ndiyo iliyopinda. Ikigoma mzunguko wote, ni hedi, na dawa yake ni kunyooshwa kwa joto na fundi mwenye kifaa cha kuibana, kabla ya kufesi. Kepu zina namba, kila moja na mahali pake na upande wake. Usizichanganye hata kwa majaribio.

Fesi kidogo iwezekanavyo. Kila ukiishusha hedi, kamshafti zinasogea karibu na kranki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni), cheni inalegea, na tensheni ikiivuta kamshafti zinachelewa. Tutalirekebisha hilo kwenye taimingi.

Sasa bushi za valvu, mirija inayoongoza shina la valvu. Hizi zinatangulia siti, pete ambazo valvu hukalia, kwa sababu kifaa cha kuchonga siti hujishikiza ndani ya bushi. Ukichonga siti kwanza halafu ukabadilisha bushi, mhimili umehama na siti yako imeharibika. Pasha hedi kwenye oveni hadi nyuzi 130 au 150 za Selisiasi, bushi mpya ziweke kwenye friza, kisha uzisukume kwa fimbo yenye bega. Bushi ikigongwa kwenye hedi baridi inalikwaruza tundu la aluminiamu, na kwenye ule mkwaruzo oili itapenya kila siku. Hedi ikipoa, pitisha rima, kifaa cha kusawazisha tundu. Nafasi kati ya bushi na shina la valvu iwe 0.03 hadi 0.05 upande wa inleti, na 0.05 hadi 0.07 upande wa ekzosi, kwa sababu valvu ya ekzosi hupata moto zaidi na kutanuka zaidi.

Hapa kwenye siti naomba umakini wenu wote. Pembe ya kukalia ni digrii 45, juu yake unavunja kwa 30, chini yake kwa 60. Upana wa mstari wa kukalia uwe milimita 1.2 hadi 1.5 kwa inleti, na 1.5 hadi 1.8 kwa ekzosi. Ekzosi inahitaji upana huo kwa sababu siti ndiyo njia kuu ya joto kutoka kwenye valvu. Mstari mwembamba mno unaunguza ukingo wa valvu, mpana mno unakusanya kaboni na kuanza kuvuja.

Tazama hii kwa karibu. Nimepaka wino wa bluu kwenye siti, nimeweka valvu, nimeizungusha robo tu. Mstari wa bluu umezunguka uso wote wa valvu bila kukatika, na umekaa katikati. Hiyo imekubali. Ukikatika hata milimita tatu, rudi kwenye kifaa. Msijaribu kuuponya mstari uliokatika kwa dawa ya kusagia valvu. Ile ni ya kuhakikisha, si ya kuchonga, na ukisaga sana unachimba mfereji kwenye valvu yenyewe.

Kila ukichonga siti, valvu inazama kwenye chemba, na shina lake linapanda juu upande wa springi. Hapo vitu vitatu vimebadilika kwa pamoja: springi imepata nafasi ndefu zaidi na imelegea, chemba imeongezeka ujazo, na nafasi ya tapeti imepungua. Kwa hiyo usinunue shimu (visahani vya kurekebisha nafasi ya tapeti) wala usipange springi kabla siti hazijakamilika zote nane. Chonga kina kilekile kwa valvu zote za upande mmoja, na andika urefu wa kila shina kutoka kitako cha springi hadi ncha.

Springi. Pima urefu wake ikiwa imefungwa, halafu toa mnyanyuo wote wa kamshafti yako. Kwenye valvu iliyofunguka kabisa bado inatakiwa ibaki angalau milimita 1.5 kabla koili hazijagusana. Koili zikigusana, kitu lazima kivunjike, na mara nyingi ni nundu ya kamshafti au tapeti. Springi iliyolegea kwa sababu ya siti kuzama inarekebishwa kwa washa ya chuma chini yake.

Ujazo wa chemba. Funga plagi na valvu, paka grisi kidogo ukingoni, funika kwa kipande cha plastiki angavu chenye tundu, kisha jaza mafuta ya taa kwa bureti. Silinda moja ina sisi 389.5. Ukitaka mgandamizo wa 10.3 kwa 1, gawanya 389.5 kwa 9.3 upate 41.9. Hiyo ni nafasi yote inayobaki pistoni ikiwa juu kabisa: chemba, unene wa gasketi, na kilichochongwa juu ya pistoni. Chemba nne zisipishane zaidi ya nusu sisi. Iliyo ndogo ipanuliwe kwa kusaga ukuta wake, mbali na siti.

Tunafika kwenye shimu. Kwenye injini hii shimu inakaa chini ya tapeti, juu ya ncha ya valvu, kwa hiyo kila kuibadilisha ni kufungua kamshafti. Ndiyo maana tunapima zote kwa mkupuo. Kwanza inua hedi juu ya vipande viwili vya mbao. Valvu zikifunguka zinatokeza chini ya uso wa hedi, na ukiizungusha kamshafti huku hedi imelala mezani utapinda valvu mpya. Pili, funga kamshafti moja, pima, ifungue, ndipo ufunge ya pili. Hapa mezani hakuna cheni ya kuzipanga, na valvu za inleti na ekzosi zinaelekeana kiasi cha kugongana.

Weka shimu ya 2.00 kwenye valvu zote nne, funga kamshafti kwa Nm 12, elekeza nundu juu ili mgongo wake ukae kwenye tapeti, pima kwa fila. Vipimo vya baridi ni 0.13 hadi 0.18 kwa inleti, na 0.23 hadi 0.28 kwa ekzosi. Kama kamshafti si ya Lotus, fuata karatasi iliyokuja nayo. Mfano: inleti namba 2 imesoma 0.40, nataka 0.15. Zimezidi 0.25, kwa hiyo shimu ni 2.25. Kila shimu ipime kwa maikromita, usiamini namba iliyoandikwa juu yake.

Hesabu ikikudai shimu nyembamba mno hadi uso wake uzame chini ya kile kisahani cha springi, simama. Tapeti itakuwa inakandamiza kisahani badala ya shina, vile vipande viwili vinavyobana shina vitachomoka, na valvu itadondokea kwenye pistoni. Punguza ncha ya shina kwa mashine, ibaki mraba kabisa, au weka siti mpya.

Twende kwenye bloku. Kabla ya hedi kukaa, tafuta juu kabisa ya pistoni namba 1. Funga kipande cha chuma juu ya silinda kizuie pistoni kabla haijafika mwisho, zungusha kranki kwa mkono hadi iguse, soma duara, rudi upande wa pili hadi iguse tena. Nimesoma 18 upande mmoja na 22 upande mwingine, kwa hiyo nasogeza duara hadi pande zote zisome 20. Ondoa kizuizi. Sasa sifuri yako ni ya kweli.

Mara ya kwanza tunafunga kwa majaribio, na gasketi iliyokwisha kubanwa ya aina ileile. Weka plastisini yenye unene wa milimita tano juu ya pistoni namba 1, ipake oili kidogo. Peleka pistoni zote katikati ya silinda, shusha hedi, funga kamshafti na cheni.

Kwa taimingi tutumie kamshafti ya 26-66-66-26, kama ya Elan Sprint. Inleti inafunguka digrii 26 kabla ya juu, inafunga 66 baada ya chini. Jumla ni 26 na 180 na 66, yaani 272. Nusu yake ni 136, toa 26, kilele kiko digrii 110 baada ya juu. Ekzosi ni 110 kabla ya juu. Weka dayali geji kwenye tapeti ya inleti namba 1. Kilele chenyewe ni bapa, hakisomeki vizuri, kwa hiyo soma milimita moja kabla ya kilele na milimita moja baada yake. Nimepata 80 na 144. Wastani ni 112, kamshafti imechelewa digrii mbili za kranki. Nairekebisha kwa pini ya sproketi yenye mhimili uliohama. Zungusha kranki kuelekea mbele tu. Ukipitiliza, usirudi nyuma kidogo, zunguka tena mizunguko miwili, kwani ulegevu wa cheni utakudanganya.

Zungusha mizunguko miwili taratibu kwa mkono. Ukihisi kizuizi, usilazimishe. Fungua hedi, kata plastisini kwa wembe, pima palipo pembamba: 1.5 kwa inleti, 2.0 kwa ekzosi. Ekzosi inadai zaidi kwa sababu pistoni inapanda ikiifukuza, na kwa kasi kubwa springi huchelewa kuirudisha.

Kufunga kwa mwisho: kausha matundu yote ya bolti kwa upepo. Oili au maji yakibaki kwenye tundu, bolti inayabana hadi chuma cha bloku kinapasuka, na toki uliyosoma ni ya uongo. Gasketi ya koki juu ya kava ya cheni huvuja ikipuuzwa, ipake silikoni nyembamba kwenye kona zake mbili. Bolti kumi, kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu za Nm 30, 60, kisha 85. Halafu bolti za mbele zinazoshika kava. Cheni ikazwe hadi kati ya sproketi mbili za juu icheze milimita 13 tu. Ikikazwa zaidi inalia na kula beringi.

Paka nundu na tapeti grisi ya kuanzishia. Toa plagi, zungusha kwa stata hadi geji ya oili ipande, ndipo uwashe. Usiiache izunguke polepole bila kukanyagwa mafuta. Iweke kwenye mizunguko 2000 kwa dakika 20, maana nundu mpya hulainika vizuri ikipata oili nyingi. Izime, ilale usiku mzima. Asubuhi pima nafasi zote nane tena, andika karibu na zile za kwanza. Ekzosi zitakuwa zimepungua kidogo, valvu zinapokalia siti. Ikiwa moja imepungua zaidi ya 0.05 peke yake, fungua uangalie siti yake kabla gari halijatoka karakana.