Ekari 40 na Barua Moja

MASHAKA: Hamjambo wasikilizaji, karibuni tena. Mimi ni Mashaka, na ng'ambo ya meza yupo dada Zuhura, ambaye leo kaingia na kipande cha kitambaa cheupe kama anakwenda kushona sanda. Dada, kuna msiba?

ZUHURA: Hakuna msiba, kaka. Hebu kishike. Kwenu mnakiitaje?

MASHAKA: Hii si marekani hii? Bibi alikuwa akishonea foronya.

ZUHURA: Enhe. Na hujawahi kujiuliza kwa nini nguo ibebe jina la nchi? Karne ya 19 meli zilikuwa zinatoka Salem, kule Massachusetts, zinashusha majora ya kitambaa hiki Unguja na kuondoka na pembe za ndovu na sandarusi. Nguo ya marekani ikapanda bara mpaka Unyamwezi na Ujiji, ikawa kama fedha. Mtu wa msafara akidaiwa hongo, yaani ushuru wa kupita, na mtemi, anapima mikono ya marekani. Sasa pamba ya nguo hiyo, nani alikuwa anailima?

MASHAKA: Usiniambie.

ZUHURA: Watumwa wa kusini mwa Marekani. Na huku kwetu nguo hiyohiyo ikanunulia watu wengine.

MASHAKA: Yaani mtumwa wa kule analima pamba, pamba inageuka jora, jora linakuja kumnunua mtumwa wa huku. Astaghfirullah.

ZUHURA: Halafu 1861 Wamarekani wakaanza kupigana wenyewe kwa wenyewe, kusini na kaskazini, na marekani ikaadimika Unguja. Huku tulisikia vita vyao dukani. Leo nataka tumfuate yule mkulima wa pamba. Ni 1865, vita vimekwisha, kaskazini imeshinda, watu kama milioni 4 hawana bwana tena. Asubuhi wanaamka. Wanafanya nini?

MASHAKA: Mimi ningelala mpaka adhuhuri, kwanza.

ZUHURA: Wengi walitembea. Utumwani huwezi kutoka shambani bila kipande cha karatasi cha bwana kinachosema fulani anaruhusiwa kwenda mahali fulani. Ukikamatwa huna, ni viboko. Kwa hiyo kitendo cha kwanza cha uhuru kilikuwa kutoka bila karatasi. Wazungu wenye mashamba wakalalamika kwamba watu hawa wanazurura. Hawakuwa wanazurura, walikuwa wanatafuta watu wao. Mama aliuzwa Texas, mtoto akabaki Virginia, mume hajulikani.

MASHAKA: Utamtafutaje mtu aliyeuzwa miaka 20 iliyopita, na pengine jina alishabadilishwa na bwana mwingine?

ZUHURA: Matangazo ya magazetini. Gazeti moja la Wamethodisti pale New Orleans lilikuwa na safu nzima ya ndugu waliopotea. Unalipa senti 50, unaeleza: mama yangu aliitwa hivi, bwana wetu alikuwa fulani, mara ya mwisho tulionana sokoni siku tuliyouzwa. Wachungaji wanaombwa wasome matangazo hayo mimbarini, maana wengi hawajui kusoma. Na matangazo ya namna hii yaliendelea miaka mingi baada ya vita. Ukiyasoma usiku, hulali.

MASHAKA: Haya, tuje kwenye ardhi. Najua ndiko unakonipeleka, watu wa Tanga kila hadithi inaishia shambani.

ZUHURA: Sisi tumekulia kwenye mkonge, lazima. Sikiliza. Tarehe 12 Januari 1865, vita bado, Jenerali Sherman wa jeshi la kaskazini yuko Savannah, Georgia. Yeye na waziri wa vita wanawaita viongozi 20 wa makanisa ya watu weusi, usiku. Msemaji wao ni mzee Garrison Frazier, miaka 67. Miaka minane kabla ya hapo alikuwa amejinunua yeye na mkewe kwa dola 1,000, dhahabu na fedha.

MASHAKA: Kajinunua mwenyewe. Hilo neno hebu lipite polepole.

ZUHURA: Anaulizwa, utumwa unauelewaje? Mzee akajibu kwamba ni kuchukua kazi ya mtu kwa nguvu asiyoweza kuipinga, bila ridhaa yake. Kaulizwa, sasa mtajitunzaje? Akasema tupeni ardhi, tuilime kwa mikono yetu wenyewe. Hakuomba chakula wala nguo. Siku nne baadaye Sherman akatoa amri: ukanda wa pwani kuanzia Charleston kwenda kusini, pamoja na visiwa, na mashamba ya mpunga yaliyoachwa, wagawiwe waliokuwa watumwa, kila familia isizidi ekari 40.

MASHAKA: Na wakapewa kweli?

ZUHURA: Walikaa watu kama 40,000. Wakalima. Tena wakalima chakula kwanza, mahindi na viazi vitamu, maana pamba hailiwi. Halafu Aprili Rais Lincoln akauawa, akaingia makamu wake, Andrew Johnson. Johnson akawasamehe wenye mashamba wa kusini walioasi, na akasema warudishiwe ardhi yao.

MASHAKA: Ardhi iliyokwisha pandwa.

ZUHURA: Iliyopandwa na inayosubiri kuvunwa. Na kazi ya kwenda kuwaambia watu akatwishwa Jenerali Oliver Howard, mkuu wa ofisi ya serikali iliyoundwa kuwasimamia walioachwa huru. Howard hakuwa mtu mbaya, nasema mapema. Alikuwa amepoteza mkono wa kulia vitani, akipigana upande uliowakomboa. Oktoba akaenda kisiwa cha Edisto, South Carolina. Kanisa limejaa. Akajaribu kusema, maneno yakamshinda, akawaomba waimbe. Mama mmoja akaanzisha wimbo wa huzuni, kanisa zima likaitikia.

MASHAKA: Akaimbiwa msiba wake yeye mwenyewe.

ZUHURA: Baadaye kamati ya kisiwa ikamwandikia. Nieleze kwa maneno yangu: Jenerali, unatuomba tuwasamehe wenye mashamba. Wewe ulipoteza mkono tu vitani, unaweza kusamehe. Lakini yule aliyenifunga kwenye mti akanichapa viboko 39, akamvua nguo mama yangu na dada yangu akawapiga, na sasa anataka nikae shambani kwake kwa masharti yake, huyo siwezi kumsamehe.

MASHAKA: (kimya) Ulipoteza mkono tu.

ZUHURA: "Tu." Hiyo "tu" ndiyo sababu nimeleta kipindi hiki.

MASHAKA: Na ardhi ikarudi kwa wenyewe.

ZUHURA: Sehemu kubwa ikarudi. Ukimpa mtu uhuru ukamnyima shamba, anarudi kwa bwana yuleyule kuomba kazi, na bwana anakuja na karatasi mpya: mkataba. Mississippi, Novemba 1865, wakatunga sheria kwamba kila Januari mtu mweusi awe na ushahidi wa maandishi kuwa ana makazi au kazi. Huna, wewe ni mzururaji. Unapigwa faini, ukishindwa kulipa unakodishwa kwa atakayekulipia. Ukivunja mkataba katikati, mshahara wote wa mwaka huo umepotea.

MASHAKA: Dada, hili la uzururaji mbona nalijua? Unguja, 1897, amri ya Sultani chini ya Waingereza. Mtumwa anakwenda mahakamani kudai uhuru wake, na akishaupata lazima aonyeshe ana makazi na njia ya kujikimu, la sivyo anatangazwa mzururaji. Na karafuu zinamsubiri.

ZUHURA: Miaka 32 mbali, bahari nyingine, na hofu ileile: nani atavuna?

MASHAKA: Na neno lenyewe kibarua, si barua ndogo? Kile cheti alichopewa mtu wa kazi ya kutwa, jioni anakirudisha ndipo alipwe. Pwani hapa, watumwa walipelekwa vibarua mjini na ujira wakagawana na bwana. Leo tunasema "natafuta kibarua" bila kufikiria.

ZUHURA: Wewe leo umekuja umejiandaa! Basi kule Kusini karatasi hiyo ikaja kuwa nusu kwa nusu. Bwana anatoa shamba, mbegu na nyumbu, mkulima anatoa jasho, pamba inagawanywa. Lakini mwaka mzima mkulima anakula kwa mkopo wa duka, na mazao ambayo hayajaota yamewekwa rehani. Daftari analo mwenye duka. Desemba hesabu ikifungwa, mkulima bado anadaiwa.

MASHAKA: Hapo hata sisi tuna ndugu zetu wa korosho na tumbaku wanatikisa kichwa. Lakini dada, isiwe kilio tu. Kulikuwa na kura pia.

ZUHURA: Kulikuwa, na ni maajabu. Bunge la Washington, lililoshikwa na watu wa kaskazini, lilichukia sheria zile, likaipindua kura ya turufu ya Johnson, likabadili katiba: utumwa ulishapigwa marufuku 1865, ukafuata uraia na ulinzi sawa wa sheria 1868, haki ya kura isinyimwe kwa rangi 1870. Wanaume tu, naomba niseme. Wanawake walihudhuria mikutano na kuwashinikiza waume zao wapige kura ipi, lakini karatasi hawakupewa.

MASHAKA: Kama kawaida.

ZUHURA: 1870 Hiram Revels wa Mississippi akawa mtu mweusi wa kwanza kwenye Seneti. South Carolina, baraza la chini likawa na weusi wengi kuliko weupe. Ila mtu wangu mimi ni Robert Smalls. Alikuwa mtumwa, rubani wa meli kwa kazi ingawa si kwa cheo, kwenye meli ya waasi bandarini Charleston. Mei 1862, usiku maofisa wazungu wamelala nchi kavu, akavaa kofia ya kapteni, akapakia mkewe na watoto na wenzake, akazipita ngome zote akipiga honi zinazotakiwa, akaikabidhi meli kwa jeshi la kaskazini.

MASHAKA: Akiwa kavaa kofia ya bosi. Huyu mtu wa Pangani huyu.

ZUHURA: Ngoja. Baada ya hapo akanunua nyumba ya aliyekuwa bwana wake, pale Beaufort. Akaenda kwenye mkutano wa katiba ya jimbo, 1868, katiba iliyoweka shule za bure za umma. Kisha akakaa bungeni Washington vipindi vitano.

MASHAKA: Na nini kikaharibu?

ZUHURA: Bunduki kwanza. Colfax, Louisiana, Jumapili ya Pasaka 1873, makumi ya wanaume weusi waliuawa kwenye ugomvi wa nani ameshinda uchaguzi, wengi baada ya kujisalimisha. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na 1876 ikaamua kwamba serikali ya taifa haiwezi kuwashtaki wauaji kwa sheria yake ya kulinda haki za watu weusi. Mwaka uliofuata askari wa kaskazini waliokuwa kusini wakaondolewa. Halafu, polepole, ikarudi karatasi. Mississippi 1890: kabla ya kura lipa kodi ya dola 2, na usome kifungu cha katiba au ukieleze ukisomewa. Anayeamua umeeleza vizuri ni karani mzungu.

MASHAKA: Profesa anafeli, mlevi wa rangi inayotakiwa anapita.

ZUHURA: Umemaliza. Sasa kabla hatujaagana, nimekuja na barua. Agosti 1865, Dayton, Ohio. Jourdon Anderson, aliyekuwa mtumwa Tennessee, kapokea ujumbe kutoka kwa bwana wake wa zamani, kanali: rudi, nitakutendea vizuri. Jourdon akamtamkia mtu amwandikie jibu, likachapwa gazetini.

MASHAKA: Kamjibu kwa matusi?

ZUHURA: Kwa adabu tupu, ndiyo maana inakata. Anasema hapa napata dola 25 kwa mwezi, chakula na nguo juu yake, watoto wanasoma, na mke wangu Mandy watu wanamwita Bibi Anderson. Tungependa kurudi, ila tujue kwanza kama una nia njema. Basi tunakuomba utulipe malimbikizo. Mimi miaka 32 kwa dola 25 kwa mwezi, Mandy miaka 20 kwa dola 2 kwa wiki. Jumla dola 11,680. Ongeza riba, toa nguo ulizotupa na daktari aliyenitibu mara tatu na kumng'oa Mandy jino.

MASHAKA: Subiri nipige hesabu... 9,600 na 2,080. Imekaa sawa! Hata jino kalikata!

ZUHURA: Na mwisho kabisa anatuma salamu: nisalimie George Carter, na umshukuru kwa kukunyang'anya bastola siku ile ulipokuwa unanipiga risasi.