Gari limetoka bandarini: ulipie polishi na seramiki, au usubiri?

Habari zenu ndugu zangu, karibuni. Leo mashine ya polishi inabaki kwenye boksi. Leo tunaamua kama kuna haja ya kuiwasha, na mimi hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote kwenye kazi hii, maana hapa ndipo pesa ya mtu inapookolewa au inapopotea.

Gari ni hili, Toyota Harrier nyeusi, limetoka bandarini hapa Dar juzi juzi tu. Dada mwenye gari yupo hapa pembeni, hapendi kuonekana kwenye kamera, nami namheshimu. Kila anayekutana naye anamwambia, piga seramiki, ile dawa ya maji inayokaukia juu ya rangi ikawa tabaka gumu la kinga, haraka kabla jua halijaanza kula rangi. Sawa. Ila rangi yenyewe hakuna aliyeitazama. Tuitazame sisi.

Kwanza, osha. Hapa napita mbio: ndoo mbili, moja ya shampuu ya gari, nyingine ya kusuuzia glavu, anza kwenye paa ushuke chini. Sabuni ya unga irudishe kwenye nguo. Fanya kivulini, kwa sababu maji ya visima vingi vya hapa mjini yana chumvi, yakikaukia kwenye boneti ya moto yanaacha madoa meupe ambayo baadaye utalazimika kuyalipia. Kausha kwa taulo la mikrofaiba. Tumemaliza.

Pili, mkono. Chukua mfuko mwembamba wa mkate. Ile mifuko ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku mwaka 2019, huu wa mkate unatosha kabisa. Vaa mkononi, lowesha rangi, pitisha vidole polepole. Sikilizeni... kijana wangu, sogeza simu karibu. Mnasikia hiyo sauti? Paa linakwaruza. Macho yanaliona linang'aa, lakini kuna chembe zimeng'ang'ania: vumbi la chuma la breki, chumvi ya safari, uchafu wa yadi. Hizi hazihitaji polishi. Zinatoka kwa klei, huu udongo laini wa kusafishia rangi.

Na hapa naomba msikilize vizuri. Klei bila maji ya utelezi ni mikwaruzo. Shampuu kidogo kwenye chupa ya kunyunyizia, nyunyiza mpaka iteleze, ndipo upitishe klei bila kukandamiza, mistari iliyonyooka. Kila baada ya muda ikunje upate upande safi. Ikikudondoka chini, itupe. Sijasema isuuze, nimesema itupe! Punje moja ya mchanga iliyonata humo itachora mlango mzima nawe huioni mpaka ukauke. Mnaona kijana anavyonyunyiza? Ongeza. Bado, ongeza tena, hapo bado pakavu. Klei inataka maji, na ukiona inakwama kwenye rangi, acha hapo hapo, nyunyiza upya.

Jamani! Kunguru! Mmeona? Kwenye boneti, mbele ya kamera kabisa. Kunguru wa Dar hawana adabu. Dada, usifute, tafadhali! Weka kitambaa chini. Kwa kuwa ametuletea somo, tulitumie: mwaga maji, acha kinyesi kilainike, kisha kiondoe kwa kitambaa kilicholowa. Kikikaa juani kinaanza kuila rangi, na saa chache tu zinaweza kutosha kuacha alama. Anayekuuzia seramiki akisema itazuia hili, muulize vizuri. Seramiki inakupa muda zaidi wa kuwahi kusafisha, lakini kusafisha lazima usafishe.

Tuendelee. Tatu, mwanga. Zima taa za gereji, washa tochi ya simu, ishike kwa pembeni. Hapana, siyo moja kwa moja, kamera inaona mwanga tu. Pembeni. Hapo! Utando wa buibui, umezunguka mwanga wote. Hiyo ni mikwaruzo midogo ya vitambaa vikavu na vichafu, inakuja kidogo kidogo kila mtu anapofuta vumbi. Hii ndiyo kazi ya polishi. Mkwaruzo unaonasa ukucha ukiupitishia kidole, huo ni mwingine: umezama sana, polishi itaupunguza makali tu.

Nne, kipimo. Hiki kifaa kinasoma unene wa rangi kwa maikroni, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Rangi ya kiwandani kwenye magari mengi, tabaka zote pamoja, huwa kati ya 90 na 150 hivi, na ile kliya, tabaka la juu linaloona kama kioo, kwa magari yenye kliya, ni kama 35 hadi 50 tu. Kila polishi ya mashine inakula kidogo kutoka hapo na hairudi. Ndiyo maana mtu anayesema "piga polishi kila miezi mitatu" simwelewi kabisa.

Boneti: 108. 112. Vizuri. Mlango wa kulia: 105. Fenda ya kulia: 104. Fenda ya kushoto... 251. Ngoja nirudie. 243. Dada, njoo uone. Hii imewahi kupakwa rangi upya. Usiogope, tuchukue karatasi ya mnada wa Japani, ile wanayoandikia hali ya gari kabla ya kuliuza. Angalia mchoro wa gari: A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni sehemu iliyonyooshwa na kurekebishwa, XX ni sehemu iliyobadilishwa. Fenda ya kushoto imeandikwa W2, namba ni kiwango cha marekebisho. Kwa hiyo halikufichwa, lilikuwepo kwenye karatasi, ila aliyekuagizia hakukusomea. Wakala wako asipokupa karatasi hiyo kabla ya kulipa, idai. Na kama kipimo kingesoma zaidi ya 1,000, hapo chini kuna puti, ule udongo wa kujazia mabonde kabla ya kupaka rangi.

Huna kipimo? Sumaku ndogo ya friji, iliyofungwa kitambaa. Ikishindwa kushika sehemu ya bati, shuku puti. Lakini bampa ni plastiki, na baadhi ya magari yana boneti ya aluminiamu, huko haitashika hata rangi ikiwa ya kiwandani.

Tano, hii watu wengi hawaijui. Fungua mlango, tafuta kibati chenye namba ya rangi. Kwenye magari mengine kiko chini ya boneti. Hapa kuna 202. Nyeusi hii ya Toyota mara nyingi haina kliya, rangi yenyewe ndiyo inayong'aa. Tuthibitishe: kitambaa cheupe, tone la polishi, sugua sehemu iliyojificha ndani ya ukingo wa mlango. Mmeona? Kitambaa cheusi. Siyo kwamba rangi imeharibika, ndivyo ilivyo. Ila ni laini, inakwaruzika upesi, ukiipiga polishi leo na kesho ikafutwa kikavu, umerudi ulipoanza ukiwa na rangi pungufu.

Sasa uamuzi. Nimemuuliza dada swali ambalo mafundi wenzangu wengi hawaulizi: gari hili litaoshwa na nani? Amesema vijana wa mtaani kwake, kila mara kijana tofauti, ndoo moja, na linalala chini ya mwembe. Basi jibu langu ni hapana, usilipie seramiki sasa. Ile "9H" wanayoitangaza ni ugumu unaopimwa kwa penseli. Haizuii kokoto, haizuii tambara lenye mchanga. Na seramiki haifuti mikwaruzo, inaifungia humo humo, ndiyo maana lazima polishi itangulie, na polishi ndiyo sehemu kubwa ya gharama.

Ningesema ndiyo kama gari linalala chini ya paa, unaliosha mwenyewe au na mtu mmoja uliyemfundisha, na una nia ya kukaa nalo miaka mingi. Hapo seramiki inafaa sana, uoshaji unakuwa mwepesi na mng'ao unakaa. Na kama wewe ni mtu wa Dar–Dodoma kila wiki nyuma ya malori, pesa hiyo iweke kwenye filamu ya kulinda rangi, bampa na sehemu ya mbele ya boneti. Hiyo ina unene wa maikroni 150 hadi 200, kokoto inagonga filamu badala ya rangi.

Ukiamua kulipa, mwulize fundi: unapima unene kabla? Unafunga tepu kwenye kingo? Kwenye kingo rangi ni nyembamba, mashine ikitulia hapo sekunde chache tu, inaweza kuimaliza. Unajaribu kwanza sehemu ndogo? Na akimaliza, kabla ya kupaka chochote, afute kwa spiriti iliyochanganywa na maji, mwangalie pamoja kwa tochi, kwa sababu polishi nyingine zina mafuta yanayojaza mikwaruzo kwa muda, wiki mbili baadaye yote yanarudi. Anayekasirikia maswali haya, chukua funguo zako. Na kama kuna sehemu imepakwa rangi hapa hapa mjini karibuni, isiguswe na seramiki mpaka ikomae. Muulize aliyeipaka, mara nyingi ni wiki kadhaa.

Kwa gari hili tunamalizia klei, tunapaka nta, na dada ananunua ndoo ya pili na glavu. Masika yakiisha tutalipiga tochi tena, tuone mikwaruzo imeongezeka au imesimama. Klei na glavu ninazo hapa dukani, andika kwenye maoni rangi ya gari lako na namba iliyo kwenye kibati nikuambie unachohitaji. Kijana, nyunyiza maji, tunarudi kwenye paa.