Laptopu Haiwaki? Toa Faili Zako Kabla Fundi Hajapiga Windows

Habari yako ndugu mtazamaji, karibu. Hapa mezani nina HP ya mwalimu mmoja wa sekondari. Nikibonyeza kitufe cha kuwasha, taa inawaka, feni inavuma, hiyo unaisikia, halafu kwenye kioo vinakuja vidoti vinazunguka, vinazunguka, basi. Aliiacha hivyo usiku kucha, asubuhi akaikuta palepale. Humu ndani kuna alama za wanafunzi za muhula mzima, na kuna picha za marehemu mama yake ambazo hazipo kwenye simu ya mtu yeyote. Ameniruhusu nirekodi, ila majina ya wanafunzi sitayaonyesha.

Kabla sijagusa kitu, naomba unisikilize. Ukipeleka laptopu ya namna hii kwa fundi ukamwambia tu "haiwaki, nitengenezee", mafundi wengi watapiga Windows upya, yaani watafuta diski na kuiweka Windows mpya. Kwa fundi kazi imekwisha, mashine inawaka. Kwako wewe ndiyo msiba. Aliwahi kuja hapa binti wa chuo na laptopu inayowaka vizuri kabisa, lakini utafiti wake wote haumo. Fundi hakumwuliza, naye hakujua kama alitakiwa kusema. Diski yake ilikuwa SSD, yaani diski ya kisasa isiyozunguka. SSD ikishaformatiwa, yaani ikishafutwa na kupangwa upya, Windows huiambia kwamba nafasi zile hazina kazi tena, na diski yenyewe huanza kuzisafisha. Kwenye diski ya zamani ya kuzunguka ningeweza kuokota kitu. Kwenye ile SSD sikupata hata ukurasa mmoja. Kwa hiyo leo hatutengenezi laptopu. Leo tunatoa faili tu.

Kwanza tujue kilichokufa ni nini. Chomoa chaja, kama betri inatoka itoe, kisha shikilia kitufe cha kuwasha kwa sekunde 30. Rudisha chaja peke yake, jaribu tena. Ikiwaka lakini kioo ni cheusi, zima taa ya chumbani, washa tochi ya simu, imulike kioo kwa ubavu namna hii. Ukiona picha hafifu kwa mbali, Windows imewaka na tatizo ni mwanga wa kioo. Chomeka waya wa HDMI kwenye TV ya sebuleni. Picha ikitokea kwenye TV, chomeka flashi, nakili faili zako, huna haja ya kuendelea na video hii.

Sasa tega sikio sehemu unapoegemeza viganja ukiandika. Ukisikia diski inagonga, tak, tak, tak, zima papo hapo. Nasema zima. Hiyo ni diski ya kuzunguka ambayo kichwa chake cha kusomea kimeharibika, na kila dakika inayoendelea kuwaka inazidi kuchubua palipoandikwa faili zako. Usiiweke kwenye friji kama wanavyosema watu, unyevu utaimaliza. Hiyo ni kazi ya wataalamu wanaofungua diski kwenye chumba kisicho na vumbi, na bei yake ni kubwa, kwa hiyo pima kwanza kilichomo kina thamani gani kwako.

Hii ya mwalimu haigongi. Taa zinawaka, kioo kinaonyesha. Dawa yake ni kuwasha laptopu kwa flashi, bila kutumia Windows yake kabisa.

Tafuta kompyuta ya rafiki inayofanya kazi, flashi ya GB 8 au zaidi, na diski ya nje ya kupokelea faili. Kwenye kompyuta ya rafiki pakua Linux Mint, mfumo wa kuendeshea kompyuta kama Windows, toleo la Xfce, ambalo ni jepesi kwa mashine dhaifu. Ni ya bure. Faili lake lina takriban GB 3, kwa hiyo kama unatumia bando, subiri la usiku. Pakua pia Rufus, programu ndogo ya kutengenezea flashi. Fungua Rufus, juu kabisa chagua flashi yako, chini yake chagua faili la Mint, bonyeza START. Flashi itafutwa yote, kwa hiyo kama kuna nyimbo za kwaya humo, zihamishe kwanza.

Chomeka flashi kwenye laptopu mbovu, iwashe, na hapohapo anza kugongagonga kitufe cha kuchagua pa kuwakia. Kwa HP ni Esc halafu F9. Kwa Dell na Lenovo ni F12. Kwa Asus, nyingi ni Esc. Kwa Acer ni F12, ila mara nyingine lazima uiruhusu kwanza kwenye BIOS, mipangilio ya laptopu yenyewe kabla ya Windows, ambayo unaingia kwa F2. Usisubiri nembo itokee, gonga tangu kidole kinapotoka kwenye kitufe cha kuwasha. Angalia... orodha hiyo. Chagua jina la flashi, Enter, kisha mstari wa kwanza, Enter tena.

Dakika mbili hivi, na hii hapa Mint. Imewaka kutoka kwenye flashi, diski ya mwalimu haijaguswa. Unaona hiki kialama kimeandikwa "Install Linux Mint"? Usikiguse kabisa. Hicho ndicho kinachoweza kufuta kila kitu. Sisi tunafungua folda ya faili, na upande wa kushoto tunaziona diski. Hii kubwa ndiyo yenye Windows. Ibonyeze.

Hapa wengi hukutana na ukuta, inaomba nywila. Maana yake diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda diski, na inawezekana hukuifunga wewe. Tangu toleo la 24H2 la mwaka 2024, Windows 11 mpya huifunga diski yenyewe pale unapoingia kwa akaunti ya Microsoft. Funguo yake ni tarakimu 48. Chukua simu, ingia account.microsoft.com/devices/recoverykey kwa akaunti uliyotumia kwenye laptopu hiyo, utaikuta. Iandike pamoja na vistari vyake. Kama laptopu ni ya ofisi, funguo huwa kwa watu wa kompyuta wa ofisi. Bila funguo hiyo hakuna fundi wa kukufungulia, anayekuahidi atakula hela yako bure. Na usiende BIOS kubadilisha mambo ovyo kabla hujaipata, maana mabadiliko mengine ndiyo yanayofanya Windows iidai.

Ya mwalimu haikufungwa. Tunaingia Users, halafu folda yenye jina lake. Desktop, Documents, Pictures, Downloads. Ndiyo hizi. Wenye maduka, programu ya mahesabu inaweza kuwa imeweka data kwingine, angalia pia folda ya Public na ProgramData. Folda zilizofichwa zinaonekana kwa Ctrl na H.

Chomeka diski ya nje. Iwe imeformatiwa kwa mpangilio wa exFAT au NTFS, kwa sababu FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4. Sasa anza na kile ambacho ukikikosa utalia. Usibebe folda zote kwa mpigo, kwa sababu kama diski inachoka, hujui itakata wapi. Mwalimu nimempigia simu akasema picha za mama. Kwa hiyo tunaanza Pictures: bonyeza kulia, Copy, nenda diski ya nje, Paste. Copy, siyo Cut. Kama faili moja likigoma kusomeka, chagua Skip, endelea na mengine, utalirudia mwishoni. Na kama betri ya laptopu ilishakufa, tumia UPS, kifaa kinachoshikilia umeme kwa muda, umeme ukikatika katikati utaanza upya.

Kwa laptopu ambayo haina hata taa, njia ni kutoa diski. Ondoa chaja, fungua mfuniko wa chini, chomoa waya wa betri kwanza. Ukikuta kisanduku bapa cha inchi 2.5, hiyo ni SATA, aina ya kiunganishi cha diski, waya wa SATA kwenda USB unatosha. Ukikuta kijibamba chembamba kama ubani wa kutafuna, hiyo ni M.2. Tazama meno yake: pengo moja kwa kawaida ni NVMe, aina nyingine yenye kasi zaidi, mapengo mawili mara nyingi ni SATA. Nunua kasha linaloendana, maana yapo yanayopokea aina moja tu. Ichomeke kwenye kompyuta ya rafiki kama diski ya nje. Kama ni laptopu ya bei nafuu na hukuona diski yoyote, imechomelewa kwenye bodi, hapo bodi lazima ifufuliwe kwanza. Ni hivyohivyo kwa MacBook nyingi za karibuni.

Turudi kwa mwalimu. Pictures imekwisha, Documents inamalizia. Usichomoe bado. Fungua faili tano sita moja kwa moja kutoka kwenye diski ya nje, linganisha ukubwa wa folda pande zote mbili, kisha bonyeza alama ya kutoa diski, subiri, chomoa. Naichomeka kwenye kompyuta yangu. Hii hapa Excel ya alama, inafunguka. Na hii ni picha ya mama, amekaa kwenye mkeka uani, anachambua mchele.

Nampigia sasa aje na flashi nyingine, tumwekee nakala ya pili. Akishaikagua mwenyewe, ndipo nitapiga Windows.